Kola Mbili za Marehemu

Mtaani walimwita Mama Vijiti, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama jina lenyewe analipenda. Vijiti vilikuwa vya mti, urefu wa kidole cha kati, vyembamba shingoni, na kila kimoja kimezungushiwa uzi. Ukipita chini ya dirisha lake jioni unasikia ka-ka-ka, ka-ka-ka, kama vile mle ndani panya wanacheza drafti. Kumbe ni mwanamke mmoja tu ameketi mbele ya mto mgumu uliojazwa unga wa mbao, anavusha kijiti hiki juu ya kile, anasokota, anachomeka pini, anavusha tena. Lesi ya mkono huzaliwa hivyo, kwa kuvusha na kusokota. Mambo mawili tu, na bado watu wengi wanaona ni magumu kuliko ndoa, ambayo ina mambo elfu na kila mpumbavu anaingia.

Mchana alikuwa mshonaji katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali. Kazi yake ilikuwa kuziba mashuka yaliyotoboka na kurudisha vifungo kwenye makoti ya madaktari, watu ambao hupoteza vifungo kama watoto wa chekechea wanavyopoteza meno. Chumba kilinuka dawa na mvuke, kikiunguruma mpaka kiunoni. Akitoka huko, vidole vikiwa vimevimba kwa sindano nene, ndipo anakwenda kukaa kwenye mto kushika uzi usioonekana bila taa. Mumewe, dereva wa gari la kupakia mizigo katika ghala moja, alilitazama jambo hilo kama watu wanavyotazama ugonjwa usiouma.

"Mke wangu, siku hizi kuna mashine inatema lesi kama mita mia kwa saa."

"Nenda kaioe."

Ufundi huo alipewa na mama mkwe wake. Alipoingia tu katika ukoo, kabla hata hajajua choo kiko wapi, bibi yule alimwekea mto mapajani akasema, "Mwanangu nimekupa. Sasa tuone kama na wewe una mikono." Alikuwa mwalimu wa aina ya zamani, wale wanaoamini kwamba akili hukaa kwenye vifundo vya vidole, na njia ya kuiamsha ni kuvigonga. Ukikosea, kijiti kitupu kinakushukia, paa! Baada ya miaka kadhaa ya mafunzo hayo, vidole vya Mama Vijiti viliacha kabisa kukosea. Vilijifunza kuogopa vyenyewe, bila kumsubiri mwenye navyo.

Katika nyumba ya bibi huyo kulikuwa na kitu kimoja tu cha thamani, nacho hakikuwa dhahabu. Ilikuwa kola pana ya lesi, ya kufika mabegani, aliyoisuka bibi yake yeye bibi, enzi ambazo hata taa ilikuwa anasa. Majani yalizunguka ukingo wote, kila jani jepesi lenye matundu madogo madogo kama limetafunwa na mdudu mwenye adabu, na kati ya jani na jani kulikuwa na wavu mwembamba kiasi kwamba ukiupulizia unatetemeka. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyokaa. Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Hawakusema vimeundwa na nani, wala aliketi hapo kwa muda gani mpaka kiuno kikamlilia.

Bibi akafa. Alikuwa mtu wa kutoa maagizo juu ya kila kitu, hata namna ya kukunja mfuko wa plastiki. Kuhusu kola hakuacha hata neno.

Aliacha mabinti wawili. Mkubwa alikuwa na saluni, na sauti ya kunyamazisha mashine za kukaushia nywele. Mdogo aliuza tiketi dirishani kwenye kituo cha mabasi, mtu mpole, asiyegombana na abiria yeyote, maana hasira zake zote alikuwa anazitunza kwa ajili ya dada yake. Kwa Mama Vijiti wote wawili walikuwa mawifi, na mwenye wifi mmoja anajua. Mwenye wawili aombewe. Kila mmoja aliitaka kola. Mkubwa kwa sababu ni mkubwa. Mdogo kwa sababu ndiye aliyemwogesha mama yao mpaka mwisho.

Kikao cha kwanza cha ukoo kiliisha kwa kikombe kuvunjika. Cha pili kiliisha pale Wifi Mkubwa aliposimama, akajifunga mtandio kiunoni na kutamka:

"Huyu aichukue nikitazama? Afadhali igawanywe katikati!"

Watu walidhani ni maneno ya hasira. Mama Vijiti peke yake ndiye aliyeyaamini. Alimjua wifi yake. Yule hakuwahi kusema neno la hasira ambalo baadaye hakulitekeleza akiwa ametulia. Na alijua jambo ambalo wengine mle sebuleni hawakulijua. Kitambaa ukikikata katikati unapata vitambaa viwili. Lesi ukiikata unapata nyuzi. Kila uzi umemshika mwenzake, na ukimwachisha mmoja, wote wanaanza kuaga.

Siku chache baadaye baba mkwe alimwita. Mzee huyo alikuwa fundi wa lifti maisha yake yote, na sasa aliishi ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikufa na hakuna aliyemruhusu kuigusa, kwa kuwa amestaafu. Alipanda ngazi kila siku akiitukana kwa majina ya kitaalamu. Alimpa Mama Vijiti kola ikiwa imefungwa ndani ya foronya.

"Mwanangu, unaweza kutengeneza nyingine?"

"Inayofanana nayo?"

"Isiyotofautiana nayo. Hata mimi nisijue ipi ni ipi. Nitaziweka kwenye makasha mawili, watapiga kura, kila mmoja ataondoka na kola, na mimi nitakula tena na watoto wangu wote kabla meno hayajaisha."

"Baba, mimi nitajua."

"Ndiyo maana utaapa kutosema."

Akaapa. Hakuapa kwa ajili ya meno ya mzee wala kwa ajili ya amani ya mawifi, amani ambayo kwa maoni yake ilikuwa kama ile lifti. Aliapa kwa sababu kola ikishakuwa na pacha, hakuna atakayekuwa na sababu ya kuikata.

Hapo ndipo kazi ilipoanza. Aliazima lenzi ya fundi wa saa, ile ya kubana jichoni, akaisoma kola ile kama mtu anavyosoma barua ya mpenzi wa mtu mwingine. Alijua jicho kwa jicho. Hapa yule bibi wa kale alivuta sana, pengine mtu alimwudhi. Hapa uzi ulimkatikia akaingiza mwingine, akauficha kwa ujanja mpaka ilibidi Mama Vijiti acheke peke yake: "Mwongo mkubwa we!" Hapa wavu umelegea, majani mawili matatu, halafu unakaza tena, kama kwamba aliumwa akapona. Hakuacha picha wala jina. Lakini ukikaa naye jicho kwa jicho hivyo, utajua hata alikuwa anakaa upande gani wa dirisha.

Alitoboa kadi ngumu kwa sindano, tundu moja kwa kila mahali palipopaswa kuchomekwa pini, mpaka kadi ikawa kama imepigwa risasi na jeshi la sisimizi. Uzi wa kitani ulimpa taabu. Wa siku hizi ni mnene, na mwembamba kuliko wote alioupata ulikuwa mweupe wa kuumiza macho. Akaamua atasuka na weupe wake, kisha aichovye kola nzima kwenye chai baridi isiyo na maziwa, achovye na kutoa haraka, ipate uzee wa bandia. Alisuka kola moja mpaka robo, akaifumua. Wavu ulikuwa mzuri mno. Ilibidi ajifunze kuchoka mahali bibi yule alipochoka.

Jiko likapoa, mumewe akaanza kula mikate. Mawifi walipita kila mmoja kwa wakati wake, eti kusalimia.

"Wifi yangu kipenzi," alisema Mkubwa, akimletea mafuta ya nywele ya bure, jambo ambalo halijawahi kutokea duniani. "Nasikia baba amekupa kazi. Siku ya kura, mkono wangu ukifika kwenye yenyewe, wewe utakohoa tu. Kohoa mara moja."

"Sina kikohozi, wifi."

"Kikohozi hakibishi hodi."

Mdogo hakuleta chochote. Alikaa, akatazama vijiti vikiruka, akasema taratibu, "Mimi sitakuuliza ipi ni ipi. Nitakubali kura. Ila nikipata ya bandia, sitaki kujua. Umenisikia? Sitaki kujua kamwe."

"Nimekusikia."

Akamaliza. Aling'oa pini zote, akachovya, akakausha, akazilaza kola mbili ubavu kwa ubavu juu ya kitambaa cheusi. Moyo ukampiga kwa furaha. Hata yeye ilimbidi atafute. Akaipitisha lenzi ukingoni, jani kwa jani, hii, na hii, na hii, na hii, mpaka jani la mwisho karibu na shingo. Hapo akaiondoa lenzi jichoni, akaifuta, akairudisha.

Kwenye kola ya kale, jani hilo la mwisho lilikuwa na kosa. Bibi yule alisahau kusokota. Alivusha tu, akavusha, na jani likatoka zito, limeziba kama kitambaa, tena limeinama kidogo kama mlevi anayetafuta ukuta. Pengine alikuwa na haraka ya kumaliza. Pengine mtoto alilia. Mama Vijiti alikuwa ameliona kosa hilo tangu siku ya kwanza, na alikusudia kulikosea vilevile. Lakini kwenye kola yake, jani la mwisho lilikuwa jepesi, lenye matundu, limenyooka, zuri kama ndugu zake wote. Macho yalijua. Vidole havikuambiwa, na vidole vile, vilivyofundwa kwa kugongwa, vilipofika penye kosa vililirekebisha bila kuomba ruhusa.

Kufumua mpaka pale na kusuka upya kulihitaji siku. Mzee alikuwa tayari yuko mlangoni, anahema kwa ngazi, makasha mawili ya viatu kwapani. Alizitazama kola zote mbili kwa muda mrefu.

"Ipi ni ipi?"

"Baba, si ulisema hutaki kujua?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Mama Vijiti hakucheka. Alitia kila kola kwenye kasha lake, akajiambia nani ana macho hayo, akafunika.

Kura ilipigwa alasiri, sebuleni kwa mzee, mwanga ukiwa mzuri kupita kiasi. Meza katikati. Mzee aliyazungusha makasha kama mcheza kamari wa sokoni, kushoto, kulia, mpaka mwenyewe akapotea. Kaka mtu, yaani mume wa Mama Vijiti, alipewa heshima ya kurusha sarafu ili ijulikane nani anaanza. Aliirusha, ikaanguka, akatamka, "Mdogo," na hapohapo akapata haja ya kwenda chooni, ambako alijifungia. Hatutamlaumu. Mwanaume mwenye dada wawili hujifunza mapema mahali penye komeo.

Wifi Mdogo akachagua. Wifi Mkubwa akachukua lililobaki. Wakafungua pamoja.

Mama Vijiti alikuwa amesimama karibu na ukuta, na kutoka pale aliona kila kitu. Mdogo alikuwa na ya bandia. Mkubwa alikuwa na yenyewe.

Wifi Mdogo aliiweka kola shavuni, akafumba macho, machozi yakamtiririka pole pole. Mzee alianza kutabasamu. Kama dunia ingekuwa na haki, kisa kingeishia hapo na mumewe angetoka chooni. Lakini Wifi Mkubwa alikuwa na macho ya saluni, macho yanayoona unywele mmoja wa mvi kichwani kwa mtu aliye ng'ambo ya barabara. Aliipitisha kola vidoleni, jani, jani, jani, akasimama.

"Hili nini?"

"Nini tena?" mzee aliuliza.

"Hili jani limekufa." Aliinua kola dirishani. "Tazameni. Yote yana matundu, hili limeziba. Tena limepinda. Lete yako!" Alimnyang'anya mdogo wake ncha tu, akachungulia, akaiachia. "La kwako zima. Yote mazima. Nilijua! Bibi yake mama asingesuka uchafu huu. Nimepewa ya bandia!"

"Mwanangu, kura..."

"Kura ya nini, baba? Kura ya kunipa kazi ya mwanafunzi?" Akamgeukia Mama Vijiti. "Wifi, umejitahidi, sikatai. Lakini hapa ulisinzia."

Mama Vijiti alikumbuka kiapo chake, akabaki ukutani.

"Basi kubali," alisema Wifi Mdogo, akiipakata kola yake. "Kura ni kura."

"Nitakubali vizuri sana." Wifi Mkubwa aliuvuta mkoba wake, akautoa mkasi wake wa kazini, mrefu, mwembamba, unaokata nywele na maneno. Sauti yake sasa ilikuwa imetulia, na huo utulivu ndio uliomwondoa Mama Vijiti ukutani. "Mimi sitoki hapa nimebeba taka, ili watu wakaniulize ipi ni ya mama yenu, nianze kubabaika. Hii naikata. Ikishakatika, itabaki moja. Ikibaki moja, tutaigombea moja, mchana kweupe, bila mchezo wa makasha."

"Dada, acha wazimu!"

"Nakata kilicho changu. Kura ni kura, si ndiyo?"

Aliutia ukingo wa kola katikati ya meno ya mkasi. Mzee aliinuka nusu, mkono mezani. Wavu ule, uliopita kwenye taa ya mafuta na njaa na wafu wote wale, ulikuwa unatetemeka kwa pumzi ya mtu aliyekasirika.

"Wifi," alisema Mama Vijiti. "Usikate. Hiyo ndiyo yenyewe."

Mkasi ulisimama, lakini haukuondoka ukingoni.

"Umesema?"

"Hiyo uliyoshika ndiyo ya kale. Ya bandia ni ile ya mwenzio."

Wifi Mdogo alimtazama kama mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemtarajia. Mzee alisema kwa sauti ndogo, "Uliapa, mwanangu." Na Wifi Mkubwa, baada ya kufikiri kidogo, akaangua kicheko.

"Ahaa! Hee! Mmemsikia? Huyu anatetea kazi ya mikono yake! Amekaa kwenye mto mpaka makalio yamebadilika umbo, leo anaona inakatwa, roho inamuuma. Mpaka amezua uongo. Ati yenye makosa ndiyo ya bibi, na isiyo na makosa ndiyo yake! Yaani wewe unamshinda bibi?"

"Sijamshinda. Yeye alikosea jani moja. Mimi nilitaka kulikosea nikashindwa."

"Ulishindwa kukosea." Wifi Mkubwa aliwageukia wengine, mkasi bado mahali pake. "Jamani, nimeishi na watu wenye majivuno, lakini huyu!"

Kweli ilikuwa imesemwa, na haikufaa kitu. Ilisikika kama uongo wa mtoto mwenye sukari mdomoni. Mama Vijiti aliona vidole vya wifi yake vikijipanga upya ndani ya pete za mkasi, na akajua kwamba hakuna neno lililobaki. Ilibaki mikono. Akamwendea Wifi Mdogo.

"Nipe."

"Usiniguse."

"Wifi, nipe. Nitamwonyesha."

"Nilikwambia sitaki kujua!" Wifi Mdogo aliirudisha kola nyuma ya mgongo. Sauti ilikatika. "Nilikwambia, ukanijibu umenisikia. Muda mfupi tu nilikuwa na mama tena. Ungeniachia."

"Nikikuachia, mkasi unakwenda."

Walitazamana. Mumewe chooni anasema yeye hakusikia chochote, hivyo alifikiri wote wameuana. Kisha Wifi Mdogo alimtazama dada yake, akautazama mkasi, akautoa mkono nyuma ya mgongo. Hakuikabidhi. Aliulegeza mkono tu, ili mwingine achukue.

Mama Vijiti alichukua kisu kidogo cha kumenyea matunda kilichokuwa mezani. Alijua alipomalizia: chini ya jani la mwisho, fundo dogo kama punje ya mchanga, alilolikaza kwa meno ndipo akaichovya kola kwenye chai. Aliliinua kwa ncha ya pini, akaweka kisu. Kazi ya miezi, wavu wa kujifunza kuchoka, yote ilikuwa inaning'inia hapo. Akakata.

Fundo likafunguka. Nyuzi zikaachiana, mbili, nne, na pembe ya lile jani zuri ikaanza kulegea kama mdomo wa mzee. Aliinua ncha za uzi dirishani.

"Njoo utazame. Njoo na mkasi wako, sitaki uuache."

Wifi Mkubwa akaja, shingo mbele. Nje, uzi ulikuwa rangi ya maziwa yaliyokaa. Ndani, pale fundo lilipokuwa limejibana chai isipite, ulikuwa mweupe, mweupe wa dukani, mweupe kama jino la mtoto.

"Huu una uzee wa ngozi tu," alisema Mama Vijiti. "Nilitumia majani ya chai, haya tunayokunywa. Sasa geuza yako. Pale chini ya bega, uzi ulimkatikia bibi, akaingiza mwingine, akauficha. Ufunue kwa ukucha. Taratibu! Umeona? Umekula miaka mpaka moyoni."

Wifi Mkubwa aliufunua kwa ukucha wake mrefu wenye rangi. Akaangalia. Akaangalia mkono wake mwingine, ambao bado ulikuwa na mkasi, na mkasi ule, kwa mara ya kwanza tangu ununuliwe, ukaonekana kama umeshikwa na mtu asiyeujua. Aliuweka mezani polepole, mbali, akausukuma tena mbali zaidi.

"Nilikuwa nakata," alisema.

"Ulikuwa unakata," Mdogo alikubali, na hakuna tiketi iliyowahi kukatwa kwa ubaridi kama huo.

Mzee aliketi. "Haya. Sasa wote tunajua. Tumerudi palepale."

"Palepale, baba," alisema Mama Vijiti. "Lakini kola ipo."

Kila mtu alisubiri vita ianze upya. Wifi Mkubwa mwenyewe alisubiri. Alikuwa ameshatanua kifua. Mdogo alifuta macho kwa kiganja.

"Chukua. Kura ni kura. Nilisema nitakubali, na mimi huwa nakubali."

Ni vigumu sana kugombana na mtu aliyekataa. Wifi Mkubwa alijaribu mara mbili, akakosa pa kushika. Mwishowe akaitandaza kola juu ya foronya, akaibeba kwa mikono miwili iliyonyooka, kama mtu aliyepewa trei ya mayai ya watu. Mama Vijiti alimfuata kwenye ngazi, ghorofa nne zote, akimsomea masharti.

"Usiipige pasi. Usiitundike. Usiifue kwa dawa ya kung'arishia, hata kidogo."

"Nimesikia."

"Usiivae na hereni zile."

"Wifi, nimesikia! Tangulia ufungue mlango, mimi sina mkono."

Barabarani akaingia kwenye teksi kwa mgongo, na dereva alipowasha tu, mtaa mzima ukamsikia akifokewa: "Polepole we! Unadhani umebeba simenti?"

Mama Vijiti alipopanda tena, mumewe alikuwa ametoka chooni, anauliza kama kuna chochote cha kula. Mzee alikuwa amegeukia dirisha. Wifi Mdogo alikuwa bado mezani, na kola iliyofumuka pembe iko mbele yake. Hakuinua kichwa.

"Ungenyamaza, ningekuwa nina furaha sasa hivi."

Mama Vijiti alijua ni kweli. Alivuta kiti.

"Hii inafungika?" aliuliza Wifi Mdogo.

"Inafungika. Nitaileta kesho imekamilika, hutajua hata ilipokatwa."

"Hapana. Kalete mto."

Mto uliletwa siku ya pili, na vijiti, na kadi yenye matundu, ukawekwa kwenye meza ileile. Wifi Mdogo alikuja baada ya zamu, bado na sare ya kituo cha mabasi, bado amenuna. Alikaa akaweka pini mbele yake kwenye kisahani, akawa anazitoa moja moja anapoombwa, kama karani anayerudisha chenji kwa mtu aliyemtukana. Mama Vijiti alifunga nyuzi kwenye vijiti, akaanza kurudi nyuma ili apate pa kushika.

"Endelea kufumua," alisema Wifi Mdogo. "Jani lote hilo litoe."

"Jani halina shida."

"Ndiyo shida yake. Bibi alikosea hapo. Na wewe kosea hapo. Kama siwezi kuwa na yake, nataka inayofanana nayo, si inayoisahihisha."

Mama Vijiti alimtazama. Kisha akafumua jani lote mpaka kwenye kikonyo, akapanga vijiti, akaanza. Kuvusha, kuvusha, bila kusokota. Jasho lilimtoka puani. Kosa la makusudi ni kazi ngumu kuliko zote. Ilibidi kila mara avitazame vidole vyake kama mtu anayechunga mbuzi karibu na shamba la jirani. Mzee alikuwa amesogeza kiti, anashangilia kimoyomoyo. Jani lilianza kuziba. Likainama kidogo.

Halafu mumewe akapiga chafya, yeye akainua macho kumwambia afya, na alipoyarudisha, matundu matatu yalikuwa yamejipanga kwenye jani, mazuri, sawasawa, kama yamechorwa.

Wifi Mdogo aliinama akayatazama kwa karibu sana.

"Umelipatia tena."

"Samahani, wifi. Si mimi, ni vidole."

Wifi Mdogo alizirudisha pini tatu kwenye kisahani, akauvuta mto upande wake.

"Fumua," alisema. "Na safari hii nionyeshe. Mimi sijui kitu, huenda nikakosea vizuri."